Gari Likiitwa Kiwandani: Ni Aibu au Ni Uungwana?



Redio ikitangaza kwamba kampuni fulani imeyaita magari yake yarudi kutengenezwa, wengi wetu husema papo hapo, "Unaona! Hizo gari ni takataka." Makanika naye huongeza lake, na dalali hupata nafasi ya kutuuzia gari la kampuni nyingine ambayo, kwa maneno yake, "haijaitwa hata siku moja." Katika makala haya tungependa kueleza wito huo ni kitu gani, unatuambia nini juu ya kampuni, na kwa nini unatuhusu hata sisi ambao hununua gari likiwa limetumiwa na mtu mwingine kwa miaka saba hivi.

WITO HUU NI KITU GANI?

Gari lina maelfu ya vipuri, na vingi havikutengenezwa na kampuni ambayo jina lake tunaliona kwenye boneti. Kosa likiingia katika kipuri kimoja haliharibu gari moja tu. Linaingia katika kila gari lililotiwa kipuri hicho, pengine laki moja, pengine milioni. Hapo kampuni inatakiwa kuiarifu serikali, kuwaandikia wenye magari, na kurekebisha kosa hilo. Marekani iliweka sheria ya namna hii mwaka 1966, na mwaka 1974 ikaongezwa makali: matengenezo yawe bila malipo. Japani nayo ina utaratibu wake, ambapo kampuni hupeleka taarifa kwa wizara ya serikali inayosimamia uchukuzi.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maziwa. Asubuhi ameshawapimia majirani, kisha anagundua kwamba debe moja halikuwa safi. Akikimbia nyumba kwa nyumba kusema, "Jamani, msiwape watoto yale maziwa, nitawaletea mengine," je, mtaacha kununua kwake? Wengi wetu tutamwamini zaidi. Lakini akinyamaza, na watoto wakaanza kuharisha, na bado akasema kwamba ni vikombe vyenu vichafu, huyo hatumnunulii tena.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kampuni imeita magari mara ngapi. Maswali ni mawili: Walijua lini? Na walisema lini? Katikati ya siku hizo mbili ndipo tunapoona moyo wa kampuni.

KAMPUNI MOJA, SURA MBILI

Mwaka 1989 kampuni ya Toyota ilianza kuuza Marekani gari jipya la kifahari lililoitwa Lexus. Miezi michache baadaye wateja wachache walilalamika juu ya nyaya na taa ya breki. Kampuni haikungoja mtu aumie. Iliita magari yote yapatayo 8,000 yaliyokuwa yameuzwa. Mafundi waliyafuata mengine hadi nyumbani, wakayarudisha yakiwa yametengenezwa na kuoshwa, na kazi yote ikamalizika kwa muda usiofika wiki tatu. Jambo ambalo lingeweza kuliua jina la Lexus ndilo lililolijenga.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba jina zuri ni dhamana ya milele. Miaka 20 baadaye, mwaka 2009 na 2010, Toyota hiyo hiyo iliita mamilioni ya magari kwa sababu pedali ya mafuta iliweza kukwama, au kunaswa na zulia la miguuni, gari likazidi kukimbia. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, na ikakiri kwamba ilikuwa imewapotosha wateja juu ya hatari hiyo. Kampuni ni ile ile. Kilichobadilika ni jinsi ilivyosema ukweli.

MAKARATASI YALIYOFICHWA

Wengi wetu tunayajua malori ya Mitsubishi Fuso, maana ndiyo hubeba mchanga, mahindi na kreti za soda katika barabara zetu. Mwaka 2000 wakaguzi wa serikali ya Japani, baada ya kudokezewa, waliingia katika kampuni ya Mitsubishi Motors na kukuta malalamiko ya wateja yaliyofichwa katika chumba ambacho wafanyakazi hubadilishia nguo. Kampuni ilikuwa na mafungu mawili ya malalamiko: ya kuonyesha serikali, na ya kuficha. Magari mengine yalitengenezwa kimya kimya, bila wito wowote. Mchezo huo ulikuwa umeendelea kwa zaidi ya miaka 20.

Mtu angedhani kwamba baada ya aibu hiyo mambo yalinyooka. Sivyo. Mwezi wa Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likamgonga mama aliyekuwa akitembea kando ya barabara na watoto wake wawili. Mama alikufa. Kampuni ikasema kwamba wenye malori hawayatunzi vizuri. Ni mwaka 2004 tu ndipo ilipokiri kwamba habu, yaani kile chuma kinachoshika gurudumu, ilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Wakubwa kadhaa wa kampuni walishtakiwa na kuhukumiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

LAWAMA KWA DEREVA

Hebu tuliangalie jambo hili la lawama, kwa sababu hata kwetu ajali ikitokea neno la kwanza ni "makosa ya dereva." Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara.

Kampuni kubwa ya Marekani, General Motors, ilitengeneza magari madogo kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion yakiwa na swichi dhaifu ya ufunguo. Ukining'iniza funguo nyingi, au gari likiruka shimo, swichi iliweza kuteleza na injini ikazima barabarani. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa nzito, na mifuko ya hewa inayomkinga mtu wakati wa kugongana haifunguki. Dalili za udhaifu wa swichi hiyo zilionekana ndani ya kampuni tangu mwaka 2001, kabla magari hayo hayajaanza kuuzwa. Baadaye mapendekezo ya kuirekebisha yalikataliwa kwa sababu ya gharama na muda, ingawa kipuri chenyewe hakikufika dola chache. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya, lakini nambari ya kipuri ikaachwa ile ile, hata wachunguzi wakachanganyikiwa wasijue kwa nini magari ya mwaka mmoja yanazima na ya mwaka mwingine hayazimi.

Wito ulianza Februari 2014, ukapanuka hadi magari yapatayo milioni 2.6. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Mmoja wa waliokufa alikuwa kijana wa Texas, mwaka 2004, gari likiendeshwa na mchumba wake. Msichana huyo alishtakiwa kwa kusababisha kifo hicho, akakubali kosa. Kampuni yenyewe ilikuwa imeona mwaka 2007 kwamba kasoro ilikuwa ya gari, lakini yeye hakuambiwa. Ni Novemba 2014 ndipo mahakama ilipomfutia hatia. Kwa miaka kumi aliishi akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwua mpenzi wake.

Ndiyo sababu tunasema kuchelewa kwa wito si hasara ya pesa tu. Kunamfanya mtu asiye na kosa abebe mzigo wa mwingine.

MFUKO WA HEWA ULIOGEUKA KOMBORA

Wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Huu unatugusa sisi kwa karibu zaidi, kwa hivyo tuueleze polepole.

Ndani ya usukani kuna mfuko uliokunjwa, na nyuma yake mtungi mdogo wa chuma wenye kemikali. Gari likigonga, kemikali huwashwa, hewa hujaa mfukoni kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kichwa cha dereva hutua juu ya mfuko badala ya kugonga usukani. Takata ilitumia amonia naitreti, kemikali iliyomo hata katika mbolea ya CAN tunayotia kwenye mahindi. Haikuwa ghali, lakini ina tabia mbaya. Ikikaa miaka mingi penye joto na unyevu huharibika, na ikiwashwa huwaka kwa nguvu kupita kiasi. Mtungi hupasuka, na vipande vya chuma humrukia dereva shingoni na usoni. Mtu anauawa na kitu kilichowekwa kumwokoa, wakati mwingine katika ajali ndogo tu.

Wito wa kwanza, wa kampuni ya Honda mwaka 2008, ulikuwa wa magari yapatayo 4,000. Ukapanuka mwaka hata mwaka hadi mitungi kama milioni 100 duniani kote, katika magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na mengine mengi. Marekani pekee zaidi ya watu 25 wamekufa, na Malaysia pia kumekuwa na vifo. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani kosa la udanganyifu, kwa kuwa ilikuwa imewapa wenye viwanda vya magari matokeo ya majaribio yaliyobadilishwa. Mwaka huo huo ikafilisika.

BARUA INAPOTEA NJIANI

Sasa, haya yanatuhusu vipi? Magari mengi ya watu binafsi hapa Kenya hutoka Japani yakiwa yametumika, kwa sheria yasizidi miaka minane. Kampuni inapotuma barua ya wito, inamwandikia mwenye gari aliyeandikwa kule. Huyo aliliuza zamani. Gari likapita mnadani, likapanda meli, likashuka Mombasa, likanunuliwa na mwalimu, akaliuzia kikundi. Barua haikupanda meli.

Ukaguzi wa barabarani nao hautoshi. Mkaguzi hutazama taa, breki na magurudumu. Hawezi kuona ndani ya mtungi uliofungwa. Na tukumbuke ile habari ya joto na unyevu. Gari lililokaa miaka mingi pwani ndilo la kuangaliwa kwanza.

TUFANYE NINI?

1. Tafuta nambari ya chasisi. Imo katika logibuku na kwenye gari lenyewe. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na nambari fupi yenye kistari katikati, si ile ya tarakimu na herufi 17, kwa hivyo kurasa za Marekani haziitambui. Kampuni za Japani zina kurasa zao za intaneti za kuangalia wito kwa nambari hiyo. Zimeandikwa Kijapani, lakini kijana mwenye simu nzuri anaweza kukusaidia kutafsiri.

2. Nenda kwa wakala rasmi wa aina ya gari lako na uulize kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Uliza kwa maandishi, ubaki na nakala. Uliza mapema pia kama kuna malipo.

3. Kabla ya kununua, hasa mkinunua kwa pesa za kikundi, fanyeni uchunguzi huu mapema. Kama muuzaji hataki kutoa nambari ya chasisi, hilo nalo ni jibu.

4. Usimruhusu fundi yeyote kufungua mfuko wa hewa kwa bisibisi, wala usinunue mfuko uliotolewa katika gari kuukuu. Ule mtungi ni baruti. Na usiung'oe kwa hofu, kwani mfuko mzima pamoja na mkanda huokoa maisha.

5. Gari likionyesha tabia ya ajabu, andika tarehe, mahali na kilichotokea, kisha uiarifu kampuni na NTSA. Mmoja akilalamika ataambiwa hajui kuendesha. Kumi wenye gari la aina moja wakileta habari moja, ni vigumu kuwapuuza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora, kupewa habari, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia akiumizwa na bidhaa mbovu.

Kampuni ya kuogopwa ni ile inayojua na kunyamaza. Uungwana ni vitendo, na kwa mtengenezaji wa magari kitendo cha kwanza ni kusema mapema.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu ni magari mangapi yalitoka nje yakiwa yametumika? Nani kati yetu ameshaangalia kama yaliitwa?

2. Ajali ikitokea kwetu, nani huulizwa maswali, na nani haulizwi?

3. Sisi wenyewe tukiuza kitu kisha tukagundua kina kasoro, huwa tunafanya nini?