Wagoni haisimami unapoacha kuisukuma

Katika mvua zilizopita, baba mmoja wa atelie aliletwa kwetu dispansari akiegemea mabega ya wenzake wawili. Mguu wake wa kuume ulikuwa umevimba. Mifupa miwili ilikuwa imevunjika, nyuma kidogo tu ya kile chuma cha botini kinacholinda vidole. Alikuwa ametanguliza mguu mbele ya gurudumu ili kusimamisha wagoni ndogo ya vyuma, ile tunayosukuma kwa mikono.

Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alifika moja kwa moja kutoka masomo, akaketi karibu na kitanda na daftari lake la fizika. Nilipokuwa nikimfunga baba, aliniuliza: «Munganga, utanisaidia swali hili?» Mwalimu alikuwa amewapa wagoni ya kilo 800 pamoja na mzigo wake, juu ya reli zilizolala sawasawa. Watu wawili wanaisukuma kwa nguvu ya nyutoni 200. Msuguano unaipinga kwa nyutoni 120. Baada ya sekunde 20 wagoni itakuwa na mwendo gani? (Kwa wasiojua: nyutoni 10 ni karibu sawa na uzito wa kitu cha kilo moja ukikibeba mkononi.)

Mtoto alikuwa amegawa 200 kwa 800, kiisha akazidisha kwa 20, akapata mita 5 kwa kila sekunde. Hiyo ni kilomita 18 kwa saa. Baba, pamoja na maumivu yake yote, alicheka: «Sisi wawili tukimbize wagoni namna hiyo? Haiwezekani!» Alikuwa na haki. Binti alisahau msuguano. Nguvu inayobaki kuongeza mwendo si 200, bali 200 kutoa 120, yaani 80. Ukigawa 80 kwa kilo 800, unapata 0.1: kila sekunde mwendo unaongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya mita. Baada ya sekunde 20, wagoni inakwenda mita 2 kwa sekunde, kama mtu anayetembea upesi, nayo imekwisha kupita mita 20 za njia.

Swali la mwalimu liliishia hapo. Lakini baba akauliza lake: «Na tukiiacha?»

Hapo ndipo penye hatari, ndugu wasomaji. Ukiondoa mikono, unabaki msuguano peke yake, nyutoni 120, kupigana na kilo 800. Mwendo unapungua polepole sana, na wagoni inatembea mita 13 na zaidi bila mtu kabla ya kusimama. Kama ingalikuwa na nusu ya mwendo ule, mita 1 kwa sekunde, ingalisimama baada ya mita 3 na kidogo. Tazameni vizuri: mwendo mara mbili, njia ya kusimama mara nne. Wengi wetu tunadhani ni mara mbili tu.

Hayo yote ni kwa reli zilizolala sawasawa. Sasa tuinamishe reli kidogo, sentimita 2 kwa kila mita. Jicho halioni mteremko kama huo. Lakini uzito wa wagoni ni nyutoni 8,000, na kwa mteremko huo sehemu 2 kwa 100 za uzito zinaivuta kushuka: nyutoni 160. Msuguano una 120 tu. Basi wagoni haihitaji tena mtu wa kuisukuma. Inazidi mwendo peke yake. Ikiachwa kutoka hali ya kusimama, baada ya dakika moja inakwenda mita 3 kwa sekunde, nayo imeteremka mita 90.

Ndiyo sababu mguu wa baba yule haukuweza kitu. Kusimamisha kilo 800 zinazokwenda mita 2 kwa sekunde, ndani ya sentimita 10, kunataka nyutoni 16,000. Ni kama kuweka kilo 1,600 juu ya mguu. Hakuna mfupa wa mtu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama ni kifua katikati ya wagoni na ukuta, sitaki hata kuandika ninachokifikiri.

Mvua nayo? Watu husema reli zikilowa wagoni huteleza zaidi. Gurudumu linaviringika karibu namna ileile. Kinachopotea ni msuguano mwingine, ule tunaouhitaji: botini juu ya ardhi, na freni juu ya gurudumu. Mtu wa kilo 70 juu ya saruji kavu anaweza kukaza hata nyutoni 350 kabla ya botini kuteleza. Juu ya matope yenye mafuta huenda asipate 70. Katika hizo 70, mteremko wetu unakula 40, na 30 zinazobaki zitachukua mita zaidi ya 50 kuisimamisha. Mlango wa atelie hauko mbali hivyo.

Jambo la mgongo nalitaja upesi, maana linaleta watu wengi kwangu. Wagoni iliyosimama inapinga zaidi kuliko inayotembea. Mfaransa Coulomb, aliyepata tuzo ya Akademia ya Paris mwaka 1781 kwa kazi yake juu ya msuguano, aliupima tofauti msuguano wa kitu kilichosimama na wa kitu kinachotembea. Basi msianze kwa kuishtua kwa kiuno. Kaza miguu, nyosha mikono, sukuma kwa mapaja, polepole mpaka itoke.

Na ninyi akina mama, puspusu ya makala au ya bidoni za maji inafuata hesabu hiyohiyo. Mtoto asitembee mbele yake mahali panaposhuka.

Wagoni ikikushinda, piga kelele, ondoka njiani, iache igonge. Chuma kikikunjwa, mafundi watakinyosha. Mifupa ya mguu kama ile inahitaji karibu juma sita.

Baba yule alirudi kazini kiisha juma nane. Siku ya kwanza alimwomba shefu wake ubao wa mita moja na nivo ya maji, wakapima reli mbele ya mlango wa atelie. Upande mmoja wa ubao ulihitaji kuinuliwa sentimita 2 na nusu. Tangu siku ile kabari mbili za mti zimefungwa kwa mnyororo katika wagoni yenyewe, na kabla ya kuondoka wanajaribu freni mahali palipo sawa. Binti alipata alama zake zote, isipokuwa moja, kwa sababu alisahau kuandika «kwa sekunde».