Kichwa cha mtoto mchanga kinapobonyea bila kuangushwa

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mifupa myembamba vilivyounganishwa kwa utando, ili kichwa kiweze kubadilika umbo kinapopita kwenye nyonga. Ulaini huo ndio unaofanya mfupa ubonyee kama mpira wa pingpong, hata kama mtoto hakuvutwa kwa koleo wala vakyumu. Chanzo ni mgandamizo wa muda mrefu: mfupa wa nyonga ya mama uliojitokeza, fibroidi, au mkono wa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo bonde hilo peke yake si ushahidi wa uzembe wa mkunga wala wa mama. Mabonde mengi hurudi yenyewe ndani ya miezi michache. Yaliyo ya kina, au yanayoambatana na degedege au ulegevu, huhitaji daktari bingwa.

Uvimbe nao hutofautiana. Ule wa maji chini ya ngozi hubonyea kwa kidole na huisha kwa siku chache. Damu iliyokusanyika juu ya mfupa mmoja hukomea kwenye maungio yake; huyeyuka kwa wiki kadhaa, ila inaweza kuleta manjano. Haitobolewi kwa sindano wala kukandwa.

Wa hatari zaidi ni uvimbe unaotembea chini ya kidole kama maji, ukavuka maungio hadi kisogoni na kusukuma masikio mbele. Mara nyingi hufuata matumizi ya vakyumu. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu, na sehemu kubwa yake inaweza kumwagikia humo. Akipauka, akipumua haraka au akikataa kunyonya, kila dakika ina thamani.

Ndiyo maana umbali wa hospitali ni muhimu: kwa mfano, Puge, wilayani Nzega, iko kilomita 56 hivi kutoka mji wa Tabora, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Mfumo wa m-mama hupanga usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga kwa kupiga 115 bila malipo.

Kinga huanza wakati wa leba. Patografu, chati ya maendeleo ya leba iliyoboreshwa na watafiti Philpott na Castle mwaka 1972 katika Rhodesia ya wakati huo, humwonyesha mkunga uchungu unaokwama, ili mama apewe rufaa mapema. Baada ya kuzaliwa, mtoto hudungwa vitamini K, kichwa hupapaswa chote, na bonde au uvimbe wowote huandikwa siku hiyo hiyo, ili mabadiliko ya baadaye yajulikane.