"Kitambo" ni Muda Gani?

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, imepokea wakimbizi tangu mwaka 1994. Kiswahili ni kiungo chao kikubwa, hasa Wakongo na Warundi.

Tuchukue mfano. Mama kutoka Dzaleka amempeleka mwanawe hospitali Lilongwe, na daktari anauliza degedege ilidumu muda gani. Anajibu: "Ilidumu kitambo." Kwa Wakongo wengi, kitambo ni muda mrefu, tena zamani. Mkalimani aliyezoea "kitambo kidogo" cha Kiswahili sanifu huenda akafasiri "muda mfupi". Kumbe degedege inayozidi dakika 5 ni ya dharura.

Lakini tatizo si msamiati tu. Binadamu hulinganisha muda kwa uwiano: sekunde moja ikiongezwa juu ya mbili huhisika wazi, ikiongezwa juu ya sitini haihisiki. Mwaka 1868, Karl von Vierordt alieleza kuwa katika kukadiria, muda mfupi hurefushwa na mrefu hufupishwa. Hofu nayo huongeza, na anayengoja huku akihesabu dakika huziona nyingi kuliko anayezungumza na mwenzake.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusifundishe "punde", "kitambo" na "sasa hivi" kana kwamba ni vipimo. Tumzoeze mwanafunzi kuuliza kwa kulinganisha na tendo linalojulikana: "Ilikwisha kabla hujafika kwa jirani, au baadaye?" Jibu la swali hilo hukadirika kwa dakika.