Kipanda Uso na Makamasi: Tuhesabu Siku Kabla ya Kumeza Vidonge



Katika nyumba zetu nyingi, mtu akishikwa na mafua, ikafika siku ya tatu au ya nne, makamasi yakawa mazito na kugeuka rangi ya kijani, uso ukamlemea na paji likamgonga, husemwa papo hapo: "Hiki ni kipanda uso; nendeni dukani mkamnunulie vidonge." Hutumwa mtoto na fedha mkononi, akarudi na vidonge vya rangi mbili, vinne au vitano, bila ya cheti cha daktari wala maelezo. Mgonjwa humeza viwili leo na viwili kesho. Akijiona hajambo, kilichosalia hutiwa kabatini kumngojea mgonjwa mwingine.

Desturi hii ndiyo tunayotaka kuizungumza, kwa kuwa ina hasara tatu: hasara ya mali, hasara ya afya, na ya tatu iliyo kubwa kuliko hizo mbili, nayo ni kuiharibu dawa yenyewe, isimfae mtu siku atakapoihitaji kweli.

Vyumba vya hewa usoni

Mwenyezi Mungu ameumba ndani ya mifupa ya uso wa mwanadamu vyumba vya hewa jozi 4: mashavuni, pajini juu ya macho, baina ya macho, na nyuma kabisa ya pua chini ya ubongo. Vyumba vya pajini mtoto mdogo hana bado. Humjia kadiri anavyokua. Ndani yake mna ngozi laini itoayo ute, na juu ya ngozi hiyo mna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma ute pamoja na vumbi ulilolinasa mpaka kwenye vijitundu vyembamba vinavyofunguka puani. Mtu akiwa mzima, kazi hii hufanyika usiku na mchana wala yeye haijui.

Akipata mafua, ngozi ile hufura, vijitundu huziba, ute hutuama ndani. Ndipo uso unapouma na kulemea, hasa mtu akiinama, kama wajuavyo waliopata kusujudu wakiwa na mafua. Madaktari huyaita maradhi haya sainasaitisi.

Sasa yatupasa kufahamu jambo lililo asili ya mazungumzo yetu. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, haziwezi kuua virusi hata mtu akimeza kopo zima. Katika watu wazima 100 wenye mafua, wale ambao bakteria huja baadaye kuwaingilia vyumba hivi hawazidi 2 hivi. Watoto huwa wengi kidogo kuliko hao. Waliosalia hupona kwa kinga ya miili yao wenyewe.

Wala rangi ya kijani si ushahidi. Rangi ile hutokana na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, wanapokusanyika puani kupigana na ugonjwa, uwe wa virusi au wa bakteria. Anayeihukumu dawa kwa rangi ya kitambaa chake amehukumu bila ya ushahidi.

Dalili tatu za kuhesabu

Basi mtu atajuaje ya kuwa bakteria wameingia? Madaktari wameweka alama tatu, na kila mama na kila baba aweza kuzihifadhi.

Ya kwanza ni muda. Mafua ya kawaida huzidi siku ya tatu mpaka ya sita, kisha hupungua. Ikiwa zimetimia siku 10 tangu kuanza, na makamasi, kuziba kwa pua na maumivu ya uso havijapungua hata kidogo, hapo pana shaka ya bakteria. Tusisahau kuwa kikohozi chepesi kilichobaki nyuma, hali mengine yote yamepungua, si katika hesabu hii.

Ya pili ni ukali. Mgonjwa akawa na homa ya digrii 39 au zaidi, pamoja na makamasi ya usaha au maumivu makali ya uso, kwa siku 3 au 4 mfululizo tangu mwanzo wa ugonjwa.

Ya tatu ni kurudi. Mgonjwa alikuwa anaelekea kupona, kisha siku ya tano au ya sita homa ikamrudia, kichwa kikamuuma upya na makamasi yakaongezeka.

Mwenye mojawapo ya alama hizi na aende kwa daktari. Asiye nayo, dawa yake ni subira na matunzo tutakayoyaeleza.

Yanayofanana nayo

Si kila maumivu ya paji ni ya vyumba hivi. Kipanda uso kinachomjia mtu mara kwa mara, upande mmoja wa kichwa, akachukia mwangaza na kelele na kutaka kutapika, aghalabu ni maradhi mengine ya kichwa yaitwayo kipandauso hasa, na hayana uhusiano na bakteria, ijapokuwa huweza kufungua machozi na kamasi jembamba.

Homa nayo, katika nchi zetu za mbu, isihukumiwe kwa kukisia. Mtu mwenye homa na apimwe damu kwa malaria, kwani mafua na malaria huweza kukutana katika mwili mmoja.

Mwenye kupiga chafya mfululizo, pua na macho yakimwasha, na kamasi lake jepesi kama maji, huyo ana mzio. Na atazame moshi wa kuni na makaa, vumbi la mkeka na godoro, na hata moshi wa udi na ubani. Tunapenda nyumba zetu zinukie, lakini chumba kilichofungwa madirisha na kujazwa moshi si rehema kwa mwenye pua dhaifu.

Sisi tunaofundisha watoto wadogo vyuoni twaongeza jambo moja. Mtoto akitokwa na kamasi lenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, na la pili ni kavu, dhani kwanza kuwa ametia kitu humo: punje ya kunde, ushanga, au kipande cha karatasi. Msimchokoe kwa kijiti, maana mtakisukuma ndani zaidi; mpelekeni kwa mganga wa hospitali. Na mtu mzima mwenye usaha wa upande mmoja unaonuka, na ajitazamishe meno ya juu, kwani mizizi ya magego hukaribia chumba cha shavu, na jino bovu huweza kukichafua.

Matunzo ya nyumbani

Mgonjwa apumzike, anywe maji na mchuzi wa moto wa kiasi, alale kichwa kimeinuka kidogo. Kwa maumivu na homa hutosha paracetamol. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, usiku na mchana wake. Mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake. Mtoto asipewe aspirini.

Maji ya chumvi puani yana manufaa. Chemsha maji mpaka yatokote, yaendelee kutokota dakika 1, na kwa wakaao milimani dakika 3. Kisha yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Inamia beseni, tia maji polepole katika tundu moja la pua huku ukivuta pumzi kwa kinywa, yatokee tundu la pili. Chombo kioshwe na kukaushwa kila mara.

Huenda msomaji akauliza: Mbona sisi hupandisha maji puani katika udhu kila siku, tena ya bomba au ya kisima? Jawabu ni kwamba kuvuta maji kidogo mwanzoni mwa pua na kuyapenga si sawa na kuyafikisha juu kabisa. Katika mji wa Karachi, Pakistani, mwaka 2008 na 2009 walitambuliwa wagonjwa 13 wa maradhi ya ubongo yaletwayo na kijidudu cha majini kiitwacho Naegleria fowleri, nao wote wakafa. Isipokuwa mmoja, hawakuwa wameogelea popote. Madaktari wakashuku maji ya bomba yaliyopanda puani, yakiwamo ya udhu. Maradhi hayo ni nadra sana, wala hatusemi haya kumtia mtu wasiwasi katika ibada yake. Twasema: maji ya udhu na yawe safi, yasivutwe kwa nguvu nyingi, na maji ya kuosha pua kwa matibabu lazima yawe yamechemshwa.

Dawa za matone zinazofungua pua zisipite siku 3 mfululizo, kwani zikizidi huifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo. Na kujifukiza kwa sufuria ya maji yatokotayo chini ya shuka tusiwafanyie watoto. Hatari ya kuungua ni kubwa kuliko faida yake.

Wakati wa antibiotiki, na wakati wa kukimbia

Daktari akithibitisha bakteria, hapo dawa ina mahali pake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 wataja amoksilini, peke yake au pamoja na asidi ya klavulaniki, na muda wa siku 5 kwa kawaida. Mgonjwa amwambie daktari kama amewahi kuvimba au kutokwa na vipele kwa penisilini, maana dawa hizi ni za ukoo mmoja. Na anayefunga asibadili saa za dawa kwa rai yake. Amuulize daktari saa zake, na amuulize mwalimu wake hukumu ya mgonjwa.

Hata hivyo faida yake ipimwe. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2018 juu ya watu wazima wenye maradhi haya ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliopewa antibiotiki, waliopona upesi kwa ajili yake walikuwa kama 5 tu zaidi ya wasiopewa; na waliopata madhara, kama kuhara na kuumwa na tumbo, walikuwa 13 zaidi.

Lakini ziko dalili ambazo hazingoji siku 10 wala siku moja. Jicho likivimba au likawa jekundu kuzunguka kope, mtu akiona vitu viwili viwili, paji likivimba, shingo ikikakamaa, kichwa kikiuma kupita kiasi, au mgonjwa akisinzia na kupotewa na fahamu, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana. Vyumba hivi vina majirani wawili, jicho na ubongo, na ukuta baina yao ni mwembamba.

Amana ya dawa

Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928. Mwaka 1945, alipopewa Tuzo ya Nobel, alionya ya kwamba mtu asiyejua ataweza kujipa kiasi kisichotosha, na hivyo kuwazoeza vijidudu kuihimili dawa. Onyo lile limetimia. Wataalamu wamekadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa tena.

Vile vidonge vinne vya dukani ni sehemu ya hesabu hiyo. Bakteria waliozoea dawa hawakai kwa yule aliyeimeza tu. Humpata mtoto mchanga wa jirani mwenye homa ya mapafu, na mama aliyejifungua jana. Siku hiyo daktari atatoa dawa ile ile, nayo isifanye kazi. Aliyeidhulumu dawa hakujidhulumu peke yake.

Basi twawausia wazazi mambo machache. Mafua yakianza, andikeni tarehe ukutani au katika daftari, mpate kuhesabu kwa yakini. Dawa aliyoandikiwa mmoja asipewe mwingine. Antibiotiki isinunuliwe bila ya cheti, wala isiwekwe akiba. Na aliyeandikiwa aitumie kama alivyoamriwa, bila ya kupunguza. Na vijana wanaotumwa dukani wajue kurudi na swali la daktari badala ya vidonge: "Ni siku ya ngapi leo?"

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, na atujaalie kuitunza afya kabla ya maradhi.