Alama ya J40 na Kikohozi cha Bibi

Mara hii nimeona vema niandike juu ya alama moja ndogo, nayo ni J40. Wengi wetu hatujapata kuiona, ingawa yawezekana imekwisha kuandikwa mbele ya majina yetu.

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Makutupora. Kiangazi cha huku, kama mjuavyo, kina upepo mkavu na vumbi jingi. Nyumbani tulikuwa watu watatu wenye kikohozi: bibi mzaa baba, mdogo wangu wa miaka tisa, na mimi. Kila mmoja alikwenda zahanati kwa siku yake, na katika madaftari yetu yote matatu liliandikwa neno moja tu: mkamba. Huo ni ugonjwa wa kuvimba njia za hewa ziingiazo mapafuni, ambao waganga huuita bronkaitisi.

Baba yangu mdogo ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja mjini Dodoma. Kazi yake ni kusoma jina la ugonjwa lililoandikwa na mganga na kuliwekea alama. Alipokuja kutusalimu nilimwonyesha yale madaftari, nikamwuliza kama sisi watatu tungepata alama moja. Akacheka, akasema, "La, mwanangu. Wewe na bibi yako mngepata J40. Huyu mdogo angepata J20."

Nilistaajabu, kwa maana neno lilikuwa lile lile. Ndipo aliponieleza.

Mataifa yamekubaliana kuyapanga magonjwa katika orodha moja, ili hesabu ya Dodoma iweze kulinganishwa na hesabu ya Nairobi au ya London. Orodha ya kwanza, ya sababu za vifo, ililetwa na Jacques Bertillon wa Ufaransa katika mkutano wa Chicago mwaka 1893. Tangu mwaka 1948 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. La kumi na moja lilianza kutumika mwaka 2022, lakini katika ofisi ya baba mdogo bado wanatumia la kumi.

Katika toleo hilo magonjwa ya njia za hewa yako chini ya herufi J. Mkamba wa ghafula, ambao kwa kawaida huisha baada ya wiki chache, ni J20. Mkamba sugu ni J41 au J42. Waganga huuita sugu mtu akikohoa na kutoa makohozi kwa muda wa miezi mitatu au zaidi kila mwaka, miaka miwili mfululizo. Lakini mganga asiposema kama ni wa ghafula au ni sugu, karani huandika J40. Kanuni inaongeza kwamba mgonjwa akiwa chini ya miaka 15, mkamba usioelezwa huhesabiwa kuwa wa ghafula. Ndiyo sababu mdogo wangu angepata J20.

Nikasema, "Lakini baba, kikohozi changu kilikwisha kwa siku kumi. Kwa nini usiandike J20?"

Akajibu, "Mimi si mganga. Siwezi kuandika lisiloandikwa."

Kisha akafungua tena daftari la bibi, akapekua nyuma. Neno mkamba lilikuwamo mara tano, katika viangazi vitatu, na hapana mahali palipoandikwa muda wa kikohozi. Akamgeukia. "Mama, unakohoa tangu lini?"

Bibi akasema, "Kila mwaka, tangu upepo uanze hata mvua za kwanza."

Baba mdogo akanyamaza kidogo. Kesho yake alimpeleka hospitali mwenyewe. Mganga wa huko aliuliza muda, akauliza na habari za moshi wa kuni. Makohozi yalipimwa, kwa kuwa kikohozi cha wiki mbili au zaidi chaweza kuwa kifua kikuu, nacho hakikuonekana. Baada ya uchunguzi aliandika: mkamba sugu. Alama yake ikawa J42. Alimpa dawa na kumwonya akae mbali na moshi.

Njiani bibi alisema, "Kumbe kila mwaka kikohozi changu kiliandikwa kama kipya."

Ndugu wanafunzi, J40 si alama mbaya. Ni alama ya kweli pale ambapo muda haujulikani. Lakini yaweza pia kuficha swali ambalo halikuulizwa. Zahanati zetu huandika wagonjwa wa nje katika Kitabu cha 5 cha MTUHA, na kila mwezi hesabu hupelekwa wilayani. Jambo lisiloandikwa chumbani mwa mganga halitapatikana huko mbele.

Basi nawasihi, mwendapo kutibiwa, au mpelekapo wazee wenu, msiseme tu "nakohoa". Taja ni siku ngapi, kama kuna makohozi, na kama mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Wala msiogope kumwomba mganga aandike.

Bibi angali anakohoa, ila si kama zamani. Mafiga tumeyahamishia nje, chini ya mwembe, naye hunung'unika kwamba upepo unamzimia moto.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne