Malale: damu safi, ubongo mgonjwa

Kwa miaka mingi mgonjwa wa malale alipochomwa sindano akapata nafuu, aliona ajabu daktari alipotaka tena kumtoboa mgongoni achukue maji ya uti wa mgongo. "Si mmesema damu yangu ni safi?" Panya weupe wa maabara wanatusaidia kumjibu.

Panya akidungwa vijidudu vya malale, kila kijidudu hugawanyika kuwa viwili kwa muda wa saa 6 hivi. Kwa hesabu hiyo, kimoja huwa 16 kwa siku. Mwili wa panya hautulii. Hutengeneza kinga inayokitambua kijidudu kwa kanzu yake, yaani ngozi ya protini inayokifunika. Vingi hufa. Lakini vichache vimekwisha kubadili kanzu, kinga haivijui, navyo huzaana upya. (Kanzu za akiba ni nyingi mno, ndiyo maana mpaka leo hatuna chanjo.) Hivyo vijidudu hupanda na kushuka katika damu, wengu huvimba, na mwili wenyewe huharibu chembe zake nyekundu hata panya akapungukiwa damu.

Yafikapo majuma matatu hivi, vijidudu vimeingia katika ubongo. Hapo watafiti walijaribu diminazini, dawa ya ng'ombe ambayo wafugaji wengi huijua kwa jina la Berenil. Panya waliotibiwa siku za mwanzo walipona. Waliotibiwa siku ya 21 damu yao ilitakata, lakini baada ya majuma kadhaa vijidudu vilionekana tena humo. Vilitoka wapi? Ubongoni, mahali ambapo dawa hiyo haifiki vya kutosha. Tena ubongo wa panya hao ulivimba kuliko kabla ya dawa. Mwaka 2016 ilionekana kwamba vijidudu hukaa kwa wingi katika mafuta ya mwili na katika ngozi pia.

Kwa hiyo dawa ya malale yapasa ifike ubongoni. Feksinidazo hufika, nayo ni vidonge. Shirika la dawa la Ulaya liliikubali mwaka 2018 kwa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati, na mwaka 2023 kwa ile kali ya huku Mashariki. Humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku 10. Homa ikipoa siku ya nne, mgonjwa aendelee kumeza.