Stesheni isiyo na mkuu

Tusikiapo neno stesheni, sote twafikiri mara moja juu ya mkuu wa stesheni na kofia yake, karani wa tikiti, wapagazi na kundi la abiria. Lakini katika nchi ya Japani ziko stesheni nyingi ndogo za shamba zisizo na mtu wa kazi hata mmoja. Leo twapenda kuwaeleza habari za moja kati yao, iliyoitwa Kyu-Shirataki. Ilifungwa tarehe 26 Machi 2016.

Mahali pake

Hokkaido ni kisiwa kikubwa cha kaskazini ya Japani. Baridi yake ni kali, na theluji huifunika nchi kwa miezi mingi. Reli iitwayo Sekihoku hukipita kisiwa hicho kutoka upande wa Asahikawa hata mji wa Abashiri ulio kando ya bahari, mwendo wa kilometa 234. Njiani ni milima na misitu, na watu ni wachache.

Katika mwaka 1947 wenyeji wa bonde la Shirataki walipata kituo cha gari. Hakikuwa stesheni kamili, bali mahali pa kupandia na kushukia tu. Tarehe 1 Aprili 1987, reli ya serikali ilipogawanywa na kukabidhiwa makampuni, kikapewa cheo cha stesheni. Hata hivyo palibaki vile vile: jukwaa fupi, na kibanda kidogo cha mbao cha kungojea.

Nauli hulipwaje?

Labda mtauliza: Pasipo karani, watu hulipaje? Katika magari ya namna hii dereva yu peke yake. Abiria akiingia huchukua mlangoni kikaratasi chenye namba, kinachoonyesha alipopandia. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wa kuonyesha nauli ya kila namba. Akitaka kushuka hutia kikaratasi na fedha katika sanduku lililo karibu na dereva. Wanafunzi huonyesha kibali chao cha mwezi. Hivyo gari lenyewe limekuwa ofisi ya stesheni.

Hadithi iliyoenea

Mwezi wa Januari 2016 habari moja ilizunguka dunia nzima. Watu walisema kwamba kampuni ya reli ilikuwa ikiitunza stesheni moja ya Hokkaido kwa ajili ya msichana mmoja tu, ili apate kumaliza masomo yake, na ya kuwa siku atakapohitimu itafungwa. Wengi walitokwa machozi.

Yatupasa kupepeta habari hiyo kama mama apepetavyo mchele. Ni kweli kwamba mwanafunzi mmoja wa kike wa shule ya sekondari alipanda gari hapo Kyu-Shirataki, na ya kuwa gari la asubuhi la kumpeleka shuleni Engaru lilikuwa moja tu. Lakini wengine waliieneza habari wakitaja stesheni ya jirani, Kami-Shirataki. Tena wanafunzi wengine walipanda gari lile lile katika vituo vingine. Na tarehe ya kufunga ina sababu nyingine: huko Japani ratiba za magari hubadilishwa kila mwaka mwezi wa Machi, na mwaka wa shule nao huisha mwezi huo huo. Siku ile ile zilifungwa Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki pia, kwa sababu abiria walikuwa wachache mno.

Jambo la kufikiri

Je, tukiisha kuondoa makapi, hakuna kilichobaki? Kipo. Kwa miaka 69 gari lilisimama pale kwa ajili ya watu wachache, na msichana yule aliweza kulala kwao na kusoma mjini.

Sasa, kutoka Shirataki hata Kamikawa, gari hupita kilometa 37 pasipo stesheni yoyote. Mwezi wa Novemba 2016 kampuni ilitangaza kwamba haiwezi tena kutunza peke yake kilometa 1,237 za reli zake, yaani karibu nusu, na Sekihoku imo. Tusiilaumu upesi: vijiji vimepungua watu, motokaa zimeongezeka, na barabara kuu mpya imejengwa karibu na reli.

Lakini wazazi wajua hesabu nyingine. Jamaa inayokaa mbali huweza kubaki katika nchi yake iwapo njia ya mtoto kwenda shule i wazi. Njia ikifungwa, jamaa huhama. Na jamaa zikihama, abiria hupungua tena, hata kituo cha pili nacho hufungwa. Kwa hiyo wanaopanga mambo ya reli, barabara na shule, wakiisha kuhesabu abiria, na waulize pia ni nani watakaolazimika kuhama kwao kituo kikifungwa.